Majina ya Jirani Si Rehani

Mmoja wa wenzetu katika gazeti hili alitumwa kwa kazi Mgololo, wilayani Mufindi. Alipofika alipanda pikipiki ya kijana wa bodaboda hadi karibu na kiwanda cha karatasi, na kwa kuwa alitaka kurudishwa jioni, akampa kijana yule namba yake ya simu. Jioni kijana akaja, nauli ikalipwa, wakaagana. Ujuano wao ulianzia hapo na ulikomea hapo. Miezi ikapita. Asubuhi moja mwenzetu, akiwa mezani pake Dar es Salaam akisahihisha habari za bei ya mahindi, akapokea ujumbe kutoka namba asiyoijua. Ujumbe ule ulimtaja mtu kwa majina yake yote matatu, ukamwita mdaiwa sugu na tapeli, ukasema kwamba mwenzetu ni mtu wake wa karibu, na kwamba asipomhimiza alipe, yeye naye atahesabiwa kuwa mshiriki katika wizi huo. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 60,000 na ushei.

Mwenzetu hakulijua jina lile. Ilimchukua siku mbili kukumbuka pikipiki, barabara ya vumbi na misitu ya Mufindi. Kumbe kijana alikuwa ameharibikiwa na pikipiki, akakopa kwa njia ya simu, siku za kulipa zikampita. Katika kukopa kwake hakumtaja mwenzetu wala mtu mwingine yeyote. Simu yake ndiyo iliyowataja, wote kwa pamoja, kuanzia mama mkwe wake hadi abiria wa siku moja.

Twalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu kwa sababu ni dogo. Mambo makubwa ya mitambo hii mipya yana wasemaji wake, nao hukutana katika kumbi zenye viyoyozi. Hili dogo halina msemaji, ingawa ndilo linaloingia katika nyumba za watu usiku.

Kwa wasioujua mji ule, Mgololo ni mahali palipo ndani ya mkoa wa Iringa, mbali na barabara kuu iendayo Mbeya, katikati ya misitu ya misindano ambayo mgeni huitazama asione mwisho wake. Serikali ya awamu ya kwanza iliona kwamba nchi yenye miti mingi namna ile haifai kuagiza karatasi ng'ambo, na matunda ya fikira hiyo yakawa kiwanda cha Southern Paper Mills, kilichoanza kazi mwaka 1985 kwa miti ya shamba la Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya kupandwa katika Tanzania. Kiwanda kilisimama katika miaka ya 1990, mji ukapoa. Kisha kikauzwa kwa wenye mtaji, kikaamka tena katika miaka ya 2000 kwa jina la Mufindi Paper Mills. Hutengeneza karatasi ngumu ya kahawia, ile ambayo wengi wetu huiona katika mifuko ya saruji. Kwa hiyo watu wa Mgololo wanaijua karatasi kuliko sisi tunaoandika juu yake.

Na katika maduka ya mji kama ule, karatasi ina kazi nyingine ya siku zote, nayo ni daftari la madeni. Limefungwa kwa uzi, pembe zake zimechakaa, nalo hukaa chini ya meza pamoja na mizani. Ndani yake limeandikwa jina, na mbele ya jina sukari kilo 1, sabuni mche 1, mafuta nusu lita. Mwenye duka akikasirika husema mbele ya watu, na aibu huwapo. Tusijidanganye kwamba zamani hapakuwa na aibu. Lakini daftari lile halimjui shangazi wa mdaiwa aliyeko Mbeya. Halimjui mwalimu wake wa darasa la saba, wala padre aliyemfungisha ndoa. Lajua sukari na sabuni tu. Tena mwenye duka mwenyewe ana jina na ana nyumba, na wanawe wanasoma shule moja na wana wa mdaiwa. Akizidisha ukali, wazee watamwendea. Anajua nao wanajua kwamba kesho watakutana msibani.

Hapa ndipo twapenda wasomaji watuelewe, maana wapo watakaotujibu upesi kwamba Mwafrika hakuwa na siri tangu hapo, na kwamba neno faragha ni ugonjwa wa Wazungu waishio kila mtu ndani ya mlango wake. Si kweli. Kijijini watu hujuana, naam, hata mno. Moshi wa jiko lako huwaambia majirani saa ya kula kwako. Lakini yule anayekujua nawe unamjua. Ana siri zako, nawe una zake, na kwa sababu hiyo nyote wawili huwa na adabu. Mambo ya unyumba hayatajwi mbele ya mkwe, deni la baba halitajwi mbele ya mtoto, na ugonjwa wa mtu husemwa na mwenyewe au husemwa na nduguye kwa ruhusa yake. Zote hizo ni sheria za faragha ijapokuwa hakuna Bunge lililozitunga. Simu imeleta mjuzi wa namna nyingine, ajuaye mambo yako yote, nawe humjui jina wala uso, wala huna mzee wa kumshitaki kwake.

Sisi tuliosoma katika shule za misheni twaikumbuka kawaida moja ya bwenini. Barua zetu zilifunguliwa kabla ya kutufikia. Mkuu wa shule alizisoma, za wazazi na za wengineo, na baadhi yake hazikutufikia kamwe. Tulinung'unika, na hata leo hatudhani kwamba alitenda vema katika kila barua. Lakini tulijua kwamba zinasomwa, tulijua anayezisoma ni nani, na kila asubuhi tulimwona kanisani amepiga magoti kama sisi. Mwenye kuandika aliandika akijua. Kijana wa Mgololo alipobonyeza pale palipoandikwa "Kubali" hakujua kama barua zake zinasomwa, wala na nani, wala katika mji gani.

Na zinasomwa kweli. Yafaa tueleze kazi hiyo inavyofanywa, kwa kuwa wengi huitumia simu kama watumiavyo jembe, wakidhani kwamba jembe halina masikio. Programu ya mkopo ikisha kuingizwa katika simu huomba ruhusa kadha wa kadha: kuona orodha ya majina, kusoma ujumbe mfupi, kujua mahali ulipo, kutumia kamera. Mwenye haraka hukubali zote kwa kidole kimoja. Ujumbe mfupi una thamani kubwa kwa mkopeshaji, kwa maana tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, kila shilingi inayoingia na kutoka huacha risiti yake pale: mshahara wa kiwandani, karo ya shule, dawa iliyonunuliwa, fedha iliyotumwa kwa mtu ambaye mke hamjui. Mkopeshaji huzisoma apate kupima uwezo wa mkopaji. Kisha hutoa fedha kidogo, mara nyingi akiwa amekwisha kata gharama zake mapema, na siku za kulipa huwa chache. Orodha ya majina huiweka kando. Hiyo ni akiba yake ya siku ya deni kuchelewa.

Siku hiyo ikifika ndipo ujumbe huanza kuruka. Mahali pengine, kama tulivyosikia kwa waliopatwa, hufunguliwa kundi la mtandaoni lenye ndugu na marafiki wa mdaiwa, na picha yake ikabandikwa humo kama picha ya mhalifu anayetafutwa. Wananchi wamezoea kuiita mikopo ya riba kali mikopo ya kausha damu. Hii ya simu imeongeza jambo ambalo mkausha damu wa zamani hakuwa nalo, kwa kuwa yeye alimtoza mdaiwa peke yake.

Watetezi wa biashara hii husema, "Alikubali mwenyewe." Tumelifikiri jibu hilo kwa haki, na twaona lina nyufa mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Masharti mengi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa juu ya kurasa, katika kioo cha upana wa kiganja. Kukubali usichoweza kusoma ni jambo ambalo babu zetu walilijua vizuri. Wako machifu wa nchi hii waliotia alama ya msalaba chini ya karatasi za Wajerumani, na siku ya pili wakaambiwa kwamba wameitoa nchi.

Lakini ufa wa pili ndio mkubwa, na hata masharti yangeandikwa kwa Kiswahili safi usingezibika. Kijana yule aliweza kukubali kwa ajili ya nafsi yake. Hakuweza kukubali kwa ajili yetu. Majina yaliyomo katika simu ya mtu si mali yake hata ayaweke rehani. Ni amana aliyopewa na wenyewe. Mwenzetu alimpa namba yake amrudishe jioni, basi. Mama mkwe alimpa yake apate habari za wajukuu. Mtu anayeweka rehani shamba la jirani, mahakama haiulizi kama alitia sahihi kwa hiari yake. Huuliza shamba ni la nani. Na ikiwa katika simu mna majina mia tatu, basi watu mia tatu wamechukuliwa jambo lao bila kuulizwa, na wengi wao hawatajua kamwe, kwa kuwa mkopaji wao alilipa kwa wakati.

Twajua tutaambiwa kwamba pasipo majina hayo hapatakuwa na mkopo, maana maskini hana hati ya nyumba wala gari la kuweka dhamana. Huenda ni kweli kwa baadhi ya wakopeshaji. Tutasema wazi tunavyoona: biashara ambayo dhamana yake ni aibu ya mtu mbele ya wakwe zake haifai kuwapo katika nchi hii, na ikifa kwa kunyimwa majina, na ife. Tunajua tunasema hivyo tukiwa tumekaa mjini na mishahara yetu, na kwamba yupo mama ambaye usiku wa manane, mtoto akiwa na homa, mkopo wa namna ile ndio uliomfikisha hospitali. Hatulisahau. Ndiyo sababu kauli yetu haiwezi kukoma katika kukataza tu, na tutalirudia jambo hilo hapa chini.

Wazee watalikumbuka neno kipande. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30, na Kenya kilikuwa kitu kizito zaidi. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya huko ilitunga sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, na baada ya vita ya kwanza ya dunia ikaitekeleza kwa nguvu. Mwanamume alipewa cheti chenye jina lake, kabila lake, alama ya kidole chake na habari za mwajiri wake, akakibeba ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Harry Thuku na wenzake walipopaza sauti mwaka 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Ubaya wa kipande haukuwa katika kuandikwa jina. Ubaya ulikuwa kwamba kilimsema mtu kwa kila tajiri wa pili, naye hakuwa na njia ya kumjua tajiri wa kwanza aliandika nini wala ya kumjibu. Mkopaji wa simu leo hana kijaluba shingoni. Anakichaji mwenyewe kila jioni.

Hatuifananishi Serikali yetu na ile ya wakoloni, na anayetaka kutusoma hivyo atakuwa ametusoma vibaya. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza nchini kote Mei 1, 2019. Muda uliwekwa hadi Desemba 31 ya mwaka huo, ukaongezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tulielewa na tukaunga mkono, kwa kuwa watu walikuwa wakiibiwa na wezi wasio na majina. Wananchi wa Mufindi walipanga foleni kama wa mahali pengine, wakatoa vidole vyao, na wasiokuwa na kitambulisho cha Taifa wakahangaika kwanza kukitafuta. Basi Serikali iliyoomba vidole vya watu imejitwika deni mbele yao. Aliyesajiliwa na kuhakikiwa kwa kidole chake ana haki ya kuuliza mkopeshaji asiyejulikana anapataje kujificha nyuma ya namba ambayo nayo, kwa sheria, imesajiliwa kwa kidole cha mtu.

Tena wezi wenyewe hawakwisha. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umekuwa kama methali ya Taifa. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano za mwaka 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu, na mamlaka hiyo imeweka namba 15040 ya kupokea habari za matapeli, pamoja na *106# ya mtu kukagua laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Ni mambo mema. Lakini laini zilizo hai zilikwisha kupita milioni 80 mwaka huo wa 2024, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Bahari ya namna hiyo haichotwi kwa kikombe.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu haiko tupu. Ibara ya 16 ya Katiba, iliyoingia pamoja na haki nyingine katika mabadiliko ya mwaka 1984, yampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Novemba mwaka huo Benki Kuu ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Tulifurahi kuisoma orodha ile. Furaha yetu ilipungua tulipojiuliza imesomwa na nani. Programu iliyofungiwa Jumatatu yaweza kuzaliwa Jumanne kwa jina jipya na rangi mpya, na kijana wa Mgololo hana njia ya kujua kwamba ni yule yule.

Jirani zetu wa Kenya walianza mapema kidogo, kwa sheria yao ya mwaka 2019, na yafaa tuwatazame bila kuona haya. Septemba 2023 kamishna wao wa ulinzi wa taarifa aliitoza kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu waliopatikana kwa wengine na kuwatumia vitisho. Siku ile ile ilitozwa shule kwa kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na klabu moja ya starehe kwa kubandika picha ya mteja wake. Mwaka huo huo wa 2023 watu wa Nairobi walipanga foleni kuuza picha ya mboni za macho yao kwa mradi wa Worldcoin, kwa sarafu za mtandaoni zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Serikali yao ikasimamisha Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile zifutwe. Mtu mwenye njaa huuza jicho lake kama anavyouza jina la jirani yake, na wala hatumlaumu mwenye njaa kwanza. Twataja mambo haya kwa sababu faini yenye kiasi, tarehe na jina la aliyetozwa hufundisha kuliko semina kumi. Hapa kwetu twangependa kuona hukumu za namna hiyo zikitangazwa kwa Kiswahili, tena redioni, maana redio yafika Mgololo.

Basi twaomba nini? Kwanza, sheria au kanuni itamke waziwazi kwamba orodha ya majina katika simu haiwezi kuombwa na mkopeshaji yeyote, awe na leseni au asiwe nayo, hata mwenye simu akikubali. Tusiiachie hiari ya mtu mwenye shida, kwa maana mwenye shida hana hiari. Mkopeshaji anayetaka mdhamini na aombe mdhamini, mtu mmoja au wawili, waulizwe wao wenyewe na wakubali kwa sauti zao, kama ilivyokuwa desturi tangu zamani. Masharti yaandikwe kwa Kiswahili, nayo yawe mafupi kiasi cha kusomwa na mtu aliyesimama kituoni akingoja abiria.

Pili, Tume isingoje kushitakiwa kwake. Ofisi ya mtendaji wa kata ipo kila mahali, na hapo hapo mwananchi hupeleka ugomvi wa mipaka na wa mbuzi. Kwa nini asipeleke pale ujumbe wa kumdhalilisha, ukaandikwa na kupelekwa mbele? Kumwambia mtu wa Mgololo atafute tovuti ajaze fomu ni kumtuma kwa yule yule aliyemuumiza, yaani simu.

Na jambo la mkopo wenyewe. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu uliogunduliwa, ikarejeshwa mwaka 2024. Haina riba. Kijana wa pikipiki, akiwa katika kikundi na wenzake wa kituoni, ndiye hasa aliyekusudiwa. Lakini fedha ile huja kwa vikao, na tairi hupasuka bila kikao. Vyama vya akiba na mikopo vya wafanyakazi na wakulima vingeweza kuziba pengo hilo kwa mfuko mdogo wa dharura, shilingi 50,000 au 100,000, unaotolewa siku hiyo hiyo na katibu anayemjua mwombaji kwa uso. Tunajua baadhi ya vyama hivyo vililiwa na viongozi wake. Hilo nalo ni deni, na wadaiwa wake hawajatumiwa ujumbe na mtu.

Chama chetu nacho kijitazame. Tulipoanzisha mashina ya nyumba kumi katika miaka ya 1960, balozi aliwajua watu wake mmoja mmoja. Walikuwapo mabalozi wenye masikio marefu kuliko kazi ilivyohitaji, hatukatai. Lakini walichaguliwa na hao hao waliowasikiliza, na walichoka wakabadilishwa. Leo tuna orodha za wanachama zenye namba zao za simu, na kila msimu wa uchaguzi watu hupokea salamu za wagombea ambao hawakuwapa namba. Mgombea, awe wa chama hiki au cha wengine, ajiulize namba ile aliipata wapi na mwenyewe aliitoa kwa kazi gani. Hatuwezi kumkemea mkopeshaji kwa mdomo huku mkono wetu ukiwa ndani ya kapu lile lile.

Wala hatusemi simu itupwe. Mgololo ya mwaka 1985 ilingoja barua, na mke wa mfanyakazi aliyekuwa Songea alikaa mwezi mzima pasipo kujua kama mumewe ni mzima. Leo anamsikia kila usiku, na fedha ya matumizi humfikia kabla chakula hakijaiva. Mtu atakayetaka kuturudisha kule hatatupata. Lakini tumezoea kuambiwa kwamba chombo na desturi mbaya iliyokuja nacho ni kitu kimoja, kwamba ukitaka kimoja utachukua na cha pili, na hilo ndilo tunalolikataa. Kisu huja bila kuua.

Mwenzetu alimpigia kijana yule. Mara ya kwanza na ya pili simu haikupokelewa, kwa kuwa kijana alikwisha jifunza kuziogopa namba za Dar es Salaam. Mara ya tatu akapokea, akaomba radhi kabla hata ya kuambiwa neno. "Kaka, nisamehe, sikujua kama wangekufikia na wewe." Alisema deni amekwisha lilipa, kwa kuuza mbuzi. Kwa wakwe zake hajakanyaga tangu ujumbe ule ufike huko. Anangoja maneno yapoe, kisha aende na mtu mzima wa kumsemea. Namba za abiria siku hizi huziandika katika daftari dogo analoliweka chini ya kiti cha pikipiki.

Kabla hawajaagana aliuliza jambo moja. Kwa kuwa sasa amelipa, je, majina yale waliyoyachukua katika simu yake wameyafuta, au wangali nayo? Mwenzetu hakuwa na jibu, na sisi tulioketi naye chumba kimoja hatukuwa nalo. Twaliweka swali hilo mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama lilivyoulizwa, na nafasi katika ukurasa huu tumeitenga kwa jibu lake.